Ncha za ubao: jinsi reli ndogo za moduli zinavyokutana

Mtu aliyeko Denmark amejenga daraja la reli ya modeli lenye urefu wa mita moja na nusu. Mwingine, Uholanzi, amejenga stesheni ya kijijini yenye ghala la viazi. Wa tatu yuko Ujerumani, na kazi yake ni kipande cha njia inayopita katikati ya mashamba, hakina hata nyumba moja. Watatu hawa hawajuani. Siku wakikutana katika ukumbi wa michezo wa mji fulani mdogo, wataviweka vipande vyao, vinavyoitwa moduli, ncha kwa ncha, watakaza bolti, watachomeka waya, na treni itatoka kwenye ghala la viazi hadi darajani bila kuruka njia.

Watazamaji husifia miti, nyumba na taa za stesheni. Wajenzi wenyewe wakikutana huinama kwanza kuangalia ncha, yaani ule ubao wa mwisho ambapo moduli moja inaishia na nyingine inaanzia. Mengine yote katika hobi hii yanaweza kuachwa kwa ladha ya mtu, ila ncha haiachwi. Tena ukiangalia reli inakatiza ubao huo sehemu gani, na iko juu kiasi gani kutoka sakafuni, unaweza kujua kama watu hao hukutana ili kuwafurahisha wapita njia au ili kuendesha reli wao kwa wao. Mambo hayo mawili, mkutano na maonesho, kwa mbali yanaonekana kitu kimoja. Siyo.

Tumalize kwanza suala la vipimo. Treni za modeli hutajwa kwa skeli. Iliyoenea zaidi duniani ni HO: kila kitu kimepunguzwa mara 87, na umbali kati ya reli mbili ni milimita 16.5. N ni ndogo zaidi, imepunguzwa mara 160, na reli zake zimeachana milimita 9 tu. Waingereza wana ya kwao, OO, inayopunguza treni mara 76 lakini ikaziendesha juu ya reli ileile ya milimita 16.5, kwa hiyo injini zao huonekana zimenenepa kuliko njia wanayopita. Wamebishana juu ya hilo kwa miongo mingi na bado wanabishana. Skeli ni kiasi cha kupunguza, geji ni umbali kati ya reli. Anayevichanganya hivi viwili hurudi dukani kununua upya.

Kabla ya moduli

Klabu za mwanzo zilijenga kitu kimoja kikubwa ndani ya chumba kimoja. The Model Railway Club ya London ilianzishwa mwaka 1910, na hutajwa kuwa kongwe kuliko zote zilizopo. Ina jengo lake, Keen House, jirani na stesheni ya King's Cross. Katika klabu ya namna hiyo wanachama hukutana jioni moja kwa wiki. Mmoja analehemu waya chini ya meza, mwingine anapaka rangi mataruma, wawili wanabishana kuhusu mwaka ambao injini fulani ilibadilishwa rangi, na mweka hazina anakumbushia ada. Asikudanganye mtu kwamba jioni hizo ni za kuendesha treni. Sehemu kubwa ni useremala, usafi wa reli na chai.

Tatizo la mpangilio wa kudumu ni kwamba ni mfungwa wa chumba chake. Mfano mzuri ni Tech Model Railroad Club ya chuo cha MIT huko Marekani, iliyoanza mwaka 1946 na kuweka reli yake ndani ya Building 20, jengo lililokuwa limejengwa haraka wakati wa vita. Wanachama wake walitumia relei za simu, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, kuunda mfumo wa kudhibiti treni, na baadhi yao wakaishia kuwa miongoni mwa waandishi wa programu wa mwanzo pale chuoni. Klabu ilibidi ihame mwishoni mwa miaka ya 1990, na Building 20 likabomolewa mwaka 1998. Klabu iliendelea, ila kazi ya nusu karne haikuweza kubebwa. Walianza upya kwingine.

Moduli zinatatua hilo, na zinatatua jambo jingine ambalo halisemwi sana. Kila mwanachama anamiliki kipande chake. Anakijenga nyumbani kwa mwendo wake, anakihifadhi nyuma ya kabati, anakibeba kwenye gari la kawaida. Akihama mji, au akikosana na mwenyekiti, anaondoka nacho. Klabu nyingi zenye mpangilio wa pamoja zimetikiswa na ugomvi wa nani aliamua mlima ukae wapi. Kwenye moduli mlima ni wa mwenye moduli, na hakuna kikao cha kuujadili.

Gharama ya uhuru huo ni nidhamu kwenye ncha.

Kazi ya bolti na kidole

Muungano wa FREMO, kwa kirefu Freundeskreis Europäischer Modellbahner, ulianzishwa Ujerumani mwaka 1981, na vipimo vyake ndivyo vinavyofuatwa na wengi barani Ulaya. Kwa HO, juu ya reli panatakiwa pawe sentimita 130 kutoka sakafuni. Ubao wa mwisho una upana wa sentimita 50 kwa umbo lao la kawaida la ardhi tambarare, na njia moja inaukatiza katikati kabisa, ikiukabili ubao kwa pembe mraba. Urefu wa moduli ni shauri lako. Inaweza kupinda, inaweza kuwa stesheni ya mita nane iliyogawanywa vipande sita, mradi tu ncha zake mbili za nje zinatii.

Ukingo wa gurudumu la HO, ile sehemu inayolizuia lisitoke kwenye reli, haufiki milimita moja. Kwa hiyo ngazi ya nusu milimita mahali pa kiungo inatosha kuangusha behewa. Hapo ndipo unaona kwa nini tundu za bolti hutobolewa kubwa kuliko bolti zenyewe, jambo ambalo seremala mgeni huliona kama uzembe. Mbao huvimba na kusinyaa kufuatana na unyevu wa ukumbi. Tundu zikibana, mbao ndizo zitakazokaa sawa, na reli hazitakaa. Zikiwa na nafasi, watu wawili wanashikilia moduli, bolti zinaingizwa bila kukazwa, wa tatu anapitisha ncha ya kidole juu ya kiungo kwenda na kurudi. Kidole hugundua ngazi ambayo jicho halijaiona. Wanasogeza kidogo juu, kidogo kushoto, anasema basi, ndipo nati zinakazwa. Miguu ya moduli nayo ina skrubu chini kwa ajili ya sakafu isiyo sawa, na hakuna sakafu ya ukumbi iliyo sawa.

Upande wa umeme una ujanja wake. Moduli yoyote lazima iweze kuungana na nyingine yoyote, hata ikigeuzwa nyuma mbele. Plagi na soketi zikipangwa kiholela, nusu ya wakati utakuta plagi inakutana na plagi. Suluhisho ni hili: simama ukiitazama ncha ya moduli uso kwa uso, kisha waya wa reli iliyo kulia kwako umalizie kwa plagi, na wa kushoto umalizie kwa soketi. Fanya hivyohivyo kila ncha. Moduli mbili zinapokabiliana, kulia kwa moja ni kushoto kwa nyingine, kwa hiyo plagi inaikuta soketi kila mara, na reli inaungana na reli yake. Plagi zenyewe ni zile za pini moja za milimita 4, zinazojulikana kwa yeyote aliyesoma fizikia kwenye maabara yenye vifaa. Hakuna ncha ya kike wala ya kiume, wala ya kwanza au ya mwisho. Ncha zote ni sawa.

Ujanja huo una mahali unaposhindwa. Mpangilio ukizunguka na kujirudia wenyewe ili treni igeuze kichwa, reli ya kulia inarudi na kukutana na ya kushoto, na papo hapo inapigwa shoti. Si kosa la mjenzi yeyote. Ni jiometri tu. Kwa sababu hiyo kitanzi cha kugeuzia hutengwa kwa kukata reli pande zote mbili, na kuwekewa kifaa kinachogeuza mikondo treni ikiwa ndani.

Njia ikisogea pembeni

Tuvuke bahari. Katika miaka ya 1970, huko California, wapenzi wa skeli ya N walianzisha vipimo vya NTRAK. Moduli ya kawaida ina upana wa futi 2 na urefu wa futi 4, yaani kama sentimita 61 kwa 122. Njia ni tatu, zinaitwa kwa rangi: nyekundu, njano na bluu. Zote zimekaa karibu na ukingo wa mbele, na mandhari yako nyuma yake.

Linganisha na FREMO. Pale njia ikiwa katikati, moduli haina mbele wala nyuma, unaweza kuigeuza na bado inaungana. Hapa njia zimesogea upande mmoja, kwa hiyo kuna mbele na nyuma, na mbele zote sharti zielekee upande mmoja. Ukiziunga moduli za namna hiyo na kuongeza za pembeni nne, unapata pete kubwa ya mstatili: waendeshaji ndani, watu nje, treni zinazunguka kutwa nzima. Hakuna aliyekaa kikao na kuamua kwamba NTRAK iwe ya maonesho. Ubao wa mwisho uliamua.

Moduli za FREMO hazina sababu ya kufunga pete. Zinatambaa ukumbini zikitoa matawi, njia kuu hapa, tawi linaloishia kiwanda cha mbao kule kwenye kona ya jukwaa, watu wakipita katikati yake. Treni hapo haizunguki. Inatoka mahali na kwenda mahali. Wamarekani waliolipenda wazo hilo walitengeneza la kwao katika miaka ya 1990, wakaliita Free-mo, nalo pia lilianzia California: reli iwe inchi 50 kutoka sakafuni, ubao wa mwisho inchi 24, urefu na umbo hiari ya mwenyewe.

Injini mbili zikiondoka pamoja

Hayo yote yasingeendeshwa vizuri kwa umeme wa zamani. Zamani umeme uliongozwa kwenye reli, siyo kwenye injini, na ulifanya kazi kama bomba la maji: ukifungua, kila ndoo iliyo chini yake inajaa. Kila injini iliyosimama kwenye kipande hicho cha njia iliondoka. Ili kuendesha treni mbili ilibidi ukate njia vipande, kila kimoja na swichi yake, na mtu akae anahamisha umeme mbele ya treni. Kwa mtandao unaopangwa upya kila mkutano, hiyo ni adhabu.

Mapema miaka ya 1990 NMRA, chama cha wapenzi wa reli za modeli cha Marekani, kilipitisha mfumo wa kidijitali wa DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, ukawa wa wote. Reli sasa ina umeme wakati wote, na ndani ya umeme huo kuna amri. Kila injini ina dikoda, kifaa kidogo cha kusoma amri hizo, yenye namba, na inatii amri zilizotajwa namba yake tu. Dereva anashika kidhibiti chake na kutembea na treni yake hatua kwa hatua.

Dikoda ikitoka kiwandani huwa na namba 3. Hilo ndilo chanzo cha kisa kinachojirudia kwenye karibu kila mkutano: mgeni anafungua boksi la injini mpya, anaiweka kwenye yadi, anageuza kitufe, injini haiendi popote kwa sababu imekwama kidogo, anaongeza mwendo, na upande wa pili wa ukumbi injini ya mgeni mwingine, nayo bado ni namba 3, inaondoka kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo iliyokuwa imesimama kistaarabu. Ndiyo maana namba hugawanywa kabla ya mkutano, kila mtu na fungu lake.

Udhaifu wa DCC ni shoti. Mtu akiangusha bisibisi juu ya reli, kila kitu kinachotegemea chanzo hicho cha umeme kinasimama. Mikutano mikubwa hugawa mtandao katika kanda kadhaa, kila kanda na busta yake, yaani kifaa chake cha kuilisha umeme, ili ajali ya kona moja isizime ukumbi mzima. Ukisikia ukumbini watu wanauliza kwa sauti "nani huyo?", ujue kanda yao imekufa.

Mkutano: kazi ya reli, kwa kadi na simu

Mkutano mkubwa wa FREMO huanza miezi kadhaa kabla. Wenye moduli wanatuma vipimo, mtu mmoja anachora ukumbi na kuzipanga kwenye ramani, akiangalia nguzo, milango ya dharura na mahali pa chai. Mwingine anatengeneza ratiba. Washiriki wanapofika, siku nzima ya kwanza inakwenda kwenye kufunga na kutafuta hitilafu. Siku zinazofuata ndipo reli inafunguliwa, nayo huendeshwa kana kwamba ni reli.

Kila stesheni ina stesheni masta. Treni haiondoki mpaka apige simu kwa mwenzake wa stesheni inayofuata na kukubaliwa njia. Ndiyo, simu za waya, zinavutwa ukumbi mzima kwa ajili hiyo. Kila behewa la mizigo lina kadi, na ndani ya kadi kuna hati inayosema limebeba nini, linatoka wapi, linakwenda wapi. Ghala la viazi la yule Mholanzi linahitaji mabehewa matupu mawili asubuhi. Kiwanda fulani upande mwingine kinasubiri makaa. Dereva anafika stesheni ndogo na mabehewa tisa, matatu ni ya hapo, moja linatakiwa nyuma ya lile lililokwishapangwa kwenye njia ya pembeni, na injini iko upande usiofaa. Anaanza shantingi, yaani kusukuma na kuvuta mabehewa mpaka yakae yanapotakiwa. Nusu saa inaweza kupita, na kwake hiyo ndiyo raha yenyewe.

Muda nao umeshughulikiwa. Katika HO kilomita moja ni mita 11.5 hivi. Mtandao wenye njia ya mita 100, ambao ukumbini unaonekana kama jambo kubwa, kwa kweli ni kilomita 8.7. Treni ya kilomita 60 kwa saa inaumaliza kwa chini ya dakika 9, na hakuna ratiba ya maana inayoandikwa kwa safari fupi hivyo. Kwa hiyo ukumbini kunatundikwa saa inayokwenda haraka, mathalani mara nne ya kawaida. Safari ileile sasa inaonekana kuchukua dakika 35, na siku nzima ya kazi ya reli inaisha kabla ya chakula cha jioni. Hila hiyo inasaidia safari na kuumiza shantingi, maana kupanga mabehewa kwa mkono hakuwezi kuharakishwa. Stesheni ndogo zikichelewa, ratiba yote inayumba. Watengeneza ratiba wazoefu huacha nafasi. Wageni hujaza kila dakika na kujuta.

Mtu wa nje akiingia katikati ya haya yote anaona nini? Ukumbi mkubwa, watu wazima wanatembea kimya na makaratasi, na mara nyingi hakuna treni inayotembea mahali aliposimama. Akikaa dakika tano pembeni ya ile moduli ya mashamba, huenda asione chochote. Kwa waendeshaji, njia tupu ni sehemu ya ukweli wa reli. Kwa mgeni aliyekuja na watoto ni kazi ya kuelezea.

Maonesho: jukwaa na nyuma ya pazia

Maonesho yana sheria iliyo kinyume: mbele ya mtazamaji lazima kitu kitembee. Waingereza ndio waliolifanya hili kuwa fani. Mpangilio wao wa maonesho mara nyingi ni tukio moja lililokatwa vizuri, labda stesheni moja na mtaa wake, limewekewa taa juu na kuta pembeni kama sehemu ya kuigizia. Nyuma yake, pasipoonekana, kuna yadi ya kificho yenye treni kumi au zaidi zilizopangwa. Moja inatoka, inapita mbele ya watu, inaingia upande wa pili, na papo hapo nyingine imeshaitwa. Anayefanya kazi nyuma huko haonekani, na kwa maoni yangu ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote: kubadili mabehewa kwa mkono, kukumbuka mfuatano, na kutochelewa.

Kuandaa maonesho ni biashara kamili. Kuna kukodi ukumbi, bima, ukaguzi wa vifaa vya umeme, gari na malazi ya wanaoalikwa kuleta mipangilio yao, vizuizi vya kuzuia umati usiegemee mandhari, na wauzaji wa vifaa ambao ada ya meza zao mara nyingi ndiyo inayookoa hesabu. Huko Marekani, Amherst Railway Society hufanya yake kila Januari kwenye viwanja vya maonesho vya West Springfield, Massachusetts, na hujaza majumba makubwa manne. Uingereza ilikuwa na ya Warley kwenye kumbi za NEC, Birmingham, yaliyokuwa ya kitaifa na kuendeshwa na klabu ya watu wa kujitolea. Ya Novemba 2023 yakawa ya mwisho; klabu ilitangaza kuwa haina tena watu wa kutosha wa kubeba maandalizi. Wageni walikuwapo. Waliokosekana ni wa kujibu barua na kusaini mikataba.

Turudi kwenye kimo, maana hapo ndipo tofauti ya mkutano na maonesho inapoonekana kwa macho. Mtoto wa miaka mitano ana kama sentimita 110. Mbele ya moduli ya FREMO ya sentimita 130 yeye huona miguu ya mbao, waya na upande wa chini wa ubao. NTRAK huweka reli zake inchi 40, sawa na sentimita 102 hivi. Mtoto huyohuyo akijinyoosha anaziona treni zikimpita karibu na pua. Kwa mtu mzima hali inageuka: kwenye sentimita 130 treni inamjia karibu na usawa wa macho, anaiona kama mtu aliyesimama kando ya njia, na hahitaji kuinama anapofanya shantingi mchana kutwa. Klabu zinazopeleka moduli za kimo hicho kwenye maonesho ya familia huishia kutafuta vigoda. Nimesoma hoja za pande zote mbili na sioni mwenye makosa. Kila kimo kilichaguliwa kwa ajili ya watu fulani, na wengine wanastahimili.

Asiye na nafasi wala gari ana T-TRAK, iliyotoka Japani na kuenea nje kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni. Hapa moduli ni kiboksi cha kuweka juu ya meza ya kawaida, skeli ya N, reli za kampuni ya Kato zinazobanana zenyewe. Kiboksi kimoja kina urefu wa milimita 308 na reli iliyo juu yake ina 310. Hizo milimita mbili ndizo siri yote: reli zinagusana kabla ya mbao kugusana, kwa hiyo useremala mbovu wa jirani yako haukudhuru. Hakuna bolti wala spana. Nyumba ya vyumba viwili inatosha, na moduli inabebwa kwenye mfuko.

Na reli zetu je?

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kuunda reli anayoijua ataanza na hesabu ya geji. SGR, ya Kenya na ya Tanzania, ni milimita 1,435. Igawe kwa 87 unapata 16.5 kamili, kwa hiyo njia ya HO ya dukani inafaa kama ilivyo. Reli ya zamani ya Afrika Mashariki ni ya mita moja: ukigawa unapata 11.5, na njia iliyo karibu nayo ni ya milimita 12, ambayo Waswisi huitumia kwa reli zao za milimani za geji ileile ya mita. Juu ya hiyo unaweza kuweka zile injini za mvuke za Garratt za daraja la 59, injini 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima. Moja yake, Mount Gelai, ipo kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Injini halisi ina karibu mita 31.7, kwa hiyo modeli yake itafika sentimita 36. Pima kwanza urefu wa njia ya pembeni ya stesheni yako kabla ya kuiahidi treni nzima.

TAZARA ni milimita 1,067. Kuna njia mbili za kuiendea. Ukichagua skeli ya kupunguza mara 64, unapata 16.7, na njia ya HO ya milimita 16.5 inatumika bila mtu kugundua. Wapenzi wa reli za geji hiyo huko New Zealand na Afrika Kusini hufanya hivyo. Ukibaki na 87 unapata 12.3, na unarudi kwenye ile njia ya milimita 12.

Hapo linatokea jambo ambalo mjenzi wa Kidatu atapaswa kuliamua mapema. Tangu mwaka 1998 Kidatu kuna kituo cha kuhamishia mizigo kati ya TAZARA na reli ya mita moja, kwa sababu milimita 67 zinazuia behewa la upande mmoja kuingia upande wa pili. Katika HO tofauti hiyo inabaki chini ya milimita moja, na kampuni zinauza njia moja tu kwa zote mbili. Kwenye modeli, behewa kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, litapita Kidatu na kuendelea hadi Kilosa bila kusimama. Anayetaka kreni, vibarua na mizigo inayohamishwa behewa kwa behewa itabidi achukue msumeno na kuikata njia mwenyewe.